Mwenye Kuhesabu

Kila siku, saa tatu asubuhi, nawaua watu wale wale.
Nimevaa beji. Nanyosha kifimbo
kuelekea ukuta wa matumbawe, nasema:
"Miezi thelathini na mitatu, mabibi na mabwana,
Ngome hii ilizingirwa. Chakula kikaisha, tauni ikaingia,
na usiku Waarabu wa Omani walipoupanda ukuta
waliobaki hai humu ndani walihesabika kwa vidole."
Hapo natulia kidogo.
Wageni hupenda nikitulia.
Wengine hukipiga picha kisima.

Miaka ishirini na sita nimeyasema haya,
na homa, na saumu, koo kavu kama kifuu,
kwa Kijerumani cha kuokoteza,
na sijawahi kupoteza usingizi.
Mauti yakikaa miaka mia tatu
huisha harufu, hata ng'onda haifui dafu.

Jana wakaja watoto wa shule, kutoka Changamwe,
sweta za kijani katika joto lile,
na mmoja wao, msichana mwenye pengo,
akanyosha mkono katikati ya tauni:
"Nani aliwahesabu?"
Nikamwambia Wareno walikuwa na madaftari.
"Na wale wa kwetu, waliokuwamo ndani?"
Nikamwambia, njoo, twende tukaone mizinga.

Usiku ndipo lile swali lilipoketi kitandani.

Mwaka wa tisini na nne, Aprili, Ijumaa.
Nina miaka kumi na tisa, tunakaa Mtongwe,
na Mesaidi, dadangu, ametangulia mbio kivukoni
kwa kuwa tajiri wake wa Makupa
alikata nusu siku kwa dakika kumi.
Mimi nikarudi nyumbani kuchukua mwavuli.
Mwavuli!
Na mvua yenyewe haikunyesha.
Watu huniambia Mungu alikuwa na sababu Yake.
Labda. Mimi sababu niliyoishika
ilikuwa na mpini wa mbao
na ubavu mmoja uliovunjika.

Feri ilijaa, ikainama, ikapinduka
pale pale, karibu kiasi cha kumwita mtu kwa jina akaitika.
Nikaita.

Kisha wakaja wenye kuhesabu.
Redio ikasema: mia mbili sabini na wawili.
Nikajua siku ile kwamba nambari ni sanda fupi:
ukifunika kichwa, miguu iko nje.

Mama alikuwa na hesabu yake.
Kila magharibi alitandika jamvi,
akapanga sahani saba,
akazitazama,
akaondoa moja.
Hakupanga sita tangu mwanzo hata siku moja.
Tulimnunulia sahani mpya, sita, za maua,
akazipokea, akashukuru, akazifungia kabatini,
na huko ndiko tulikozikuta siku ya matanga yake
zingali na karatasi ya duka.

Leo saa tatu nimefika tena kwenye tauni.
Nikatulia.
Safari hii si kwa ajili ya wageni.
Nikasema: "Humu alikuwamo mtu aliyependa ukoko wa wali.
Sijui jina lake, daftari halikumwandika.
Alikuwa na nduguye nje ya ukuta,
amesimama tu, mkononi ana kitu kisicho na maana."

Bibi mmoja mwenye kofia pana
akaniuliza kama hayo yamo kitabuni.
Nikamwambia hayamo.
Akavua kofia. Sikumwuliza kwa nini.

Kisha nikawapeleka kwenye mizinga,
ambayo, kwa bahati,
inahesabika.